Mbwa wa nyumbani akibadilika ghafla

Wazazi wa Kamanga mnazijua radi za usiku za ziwani. Ikipiga, mbwa aliyezoea kulala mlangoni anajibanza uvunguni, anatetemeka, hata mkojo unamtoka. Hiyo ni hofu tu, na radi ikipita naye anarudi mlangoni. Ukimpiga unamzidishia woga, na mbwa mwoga huuma upesi. Mwacheni, na watoto wasimfuate alikojificha.

Kinachonitisha ni mabadiliko yasiyo na sababu. Mbwa mpole anaanza kung'ata vijiti na mawe. Mkali anakuwa mnyonge, anakimbilia gizani, anatokwa na udenda, anashindwa kumeza. Hapo fikirieni kichaa cha mbwa. Wengi tunangoja mbwa anayekimbiza watu, kumbe hata huyu mnyonge akimlamba mtoto kwenye kidonda anaweza kumwambukiza. Msimguse, mwiteni ofisa mifugo.

Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akachanjwe siku hiyohiyo. Zahanati ikikosa chanjo, pandeni kivuko mwende Mwanza. Msipake mafuta ya taa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Tatizo ni kwamba watoto huficha, hasa waliomchokoza mbwa, kwa kuogopa kuchapwa. Waambieni mapema kwamba kwa hilo hawatachapwa. Na mbwa achanjwe akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka.