Motokaa Ikiyumba, Asianze Kulaumiwa Dereva



Mimi ni mtu wa reli, na kazi yangu ni njia: mataruma, misumari na kokoto. Gari la moshi halina usukani. Reli ndizo zinazoliongoza. Lakini sisi tunaotengeneza njia ya Thika kwenda Nanyuki twapelekwa kazini kwa motokaa. Motokaa ina usukani, na nyuma ya usukani yuko ndugu yetu dereva. Habari yangu ni juu yake.

Motokaa yenyewe ni Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa tangu 1971 hata 1985. Ni mali ya mkandarasi mmoja ambaye jina lake silitaji. Sina neno na uzee wake, maana chuma kikitunzwa huishi. Lakini hii ilikuwa ikiyumba. Dereva akinyoosha usukani, yenyewe yaelekea kushoto. Akiirudisha, yavuka kulia. Hapo Kenol, mahali barabara ya Murang'a na ile ya Sagana zinapoachana, lori likitupita upepo wake ulitosha kutusogeza. Sisi tuliokaa nyuma tulishika vyuma kwa mikono miwili.

Dereva alisema mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa kwamba motokaa zote za aina ile huyumba. Mara ya pili ilifungwa shokabu mpya ya usukani. Mara ya tatu ilikazwa skrubu ya boksi la usukani, basi. Wiki ileile tukagonga ukingo wa kalvati. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu, ila mwenzetu mmoja alivunjika mkono. Kisha barua ikaja: dereva ni mzembe, mshahara wake ukatwe miezi sita.

Mwakilishi wetu alikataa. Alitaka motokaa ikaguliwe na fundi hapa Kenol, mbele ya dereva na mbele ya mwenye mali. Mimi nilikuwapo. Nawaeleza alivyofanya fundi yule, kwa sababu mengi ya haya dereva yeyote aweza kuyafanya akiwa na jeki, spana na mwenzake mmoja.

Hakugusa usukani kwanza. Alianza chini, kwenye matairi. Alipima upepo yakiwa baridi, akatazama kama yote ni ya aina moja. Matairi ya mbele yalikuwa mawili yasiyofanana, moja la meno makubwa ya matope na moja la lami. Hilo peke yake laweza kuivuta motokaa upande mmoja.

Pili, alitazama springi. Boliti zinazofunga ekseli kwenye springi za kushoto zilikuwa zimelegea. Ekseli ikitembea, motokaa hujigeuza yenyewe hata kama dereva ameshika usukani kama jiwe.

Tatu, aliinua gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Akamwambia dereva akanyage breki, akatikisa tena. Hapa sikilizeni vizuri: mchezo ukiisha breki ikikanyagwa, ugonjwa ni wa beringi. Mchezo ukibaki, ugonjwa ni wa pini ambazo gurudumu hugeukia, zile mafundi waziitazo kingipini. Kwetu ulibaki.

Nne, aliishusha motokaa chini. Dereva akazungusha usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, na fundi akalala chini akishika kila kiungo kwa mkono. Katika Series III viungo vya mpira wa chuma ni sita, kutoka kwenye boksi hata kwenye magurudumu. Kila kimoja kikilegea kidogo tu, ulegevu wa vyote hujumlishwa, na dereva hupata jumla yake mkononi. Vitatu vilikuwa vimekwisha kabisa.

Baada ya hapo alitazama kile chombo kilichosimama ndani ya boriti ya mbele, kinachopokea nguvu ya boksi na kuipeleka magurudumuni. Mkono wa juu ukienda na wa chini ukachelewa, kimelegea. Chetu kilikuwa kizima. Mwisho kabisa ndipo alipofika kwenye boksi. Akasema skrubu yake hurekebishwa magurudumu yakiwa yamenyooka, nayo haikazwi ili kuficha ulegevu wa mahali pengine, maana usukani utakuwa mzito, hautarudi wenyewe baada ya kona. Alituambia pia kwamba baada ya kubadili viungo lazima magurudumu ya mbele yapimwe upya: kwa aina hii, upande wa mbele uwe mwembamba kuliko wa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4.

Na ile shokabu mpya? Haikuponya kitu. Shokabu hupunguza mtikisiko wa usukani, lakini haikazi kiungo kilicholegea. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Ndugu zangu, fundi mwema huanza chini akapanda juu. Wakubwa huanza juu, kwenye usukani, kwa sababu ndipo ilipo mikono ya dereva, na kukata mshahara wa dereva ni rahisi kuliko kununua viungo vitatu. Kwenye reli hatukubali hivyo. Treni haiondoki mpaka breki zijaribiwe. Mbona basi watu wanane wapakiwe katika motokaa ambayo hakuna aliyeilalia chini kuitazama?

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi amekosa kwa makusudi. Kiungo kilichokwisha si makusudi ya dereva. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huohuo, kifungu cha 14, yamwamuru mfanyakazi amweleze msimamizi hatari kubwa anayoiona, na yamkataza mwajiri kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa.

Makato yalisimamishwa. Lakini ya miezi miwili yalikuwa yamekwisha kukatwa, na mpaka leo fedha hizo hazijarudi. Kwa nini? Kwa sababu dereva alisema kwa kinywa mara tatu, na hakuandika hata mara moja. Waliulizwa, wakajibu hawakumbuki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na malalamiko ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kila motokaa inayobeba wafanyakazi iwe na daftari la kasoro lenye karatasi ya kaboni. Nakala moja kwa msimamizi, nyingine abaki nayo dereva. Asikatwe mtu mshahara kwa ajali kabla motokaa haijakaguliwa mbele ya mwakilishi wa chama. Na sisi tunaokaa nyuma tusimwache dereva asimame peke yake. Siku akisema motokaa hii haiendi, nasi tushuke pamoja naye.

Ndugu dereva, kesho asubuhi kabla hujawasha injini, tikisa gurudumu. Kisha andika.