Toba ya Nani?

Mwaka 1938 Licinio Refice, padri wa Italia, alitoa katika La Scala ya Milan opera ya Mtakatifu Margherita wa Cortona. Massenet wa Ufaransa alikwisha kumtangulia mwaka 1894 kwa opera ya Thaïs, kahaba wa Iskanderia aliyeishia utawani. Wako wasemao kuwa hiyo ndiyo mifano ifaayo kuigwa na mtunzi wa Kiswahili, hata wa Mpanda.

Muziki wao haulaumiwi. Lakini mtubu wao ni yule yule daima: mwanamke mzuri, na dhambi yake ni mwili wake. Bwana aliyekaa na Margherita miaka tisa bila ndoa hatajwi kwa toba yoyote.

Huko Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi wa leo, aliishi Adrien Atiman. Alitekwa utotoni karibu na mto Niger, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889. Aliwatibu watu huko miaka mingi, akafariki mwaka 1956. Ziwa lile lile lilikuwa likivushwa misafara ya watumwa.

Atiman hana la kutubia katika kuuzwa kwake. Atubuye ni mnunuzi, ni mwenye msafara, ni jirani aliyepokea nguo akatoa mtoto wa watu. Hao wana sauti nene, na nyimbo zao hazijatungwa. Msichana wa kulia jukwaani hupatikana upesi. Mwanamume wa kuimba, "Mimi ndiye niliyeuza," atatafutwa sana.