Steringi Akifufuka Mara Tatu, Msomaji Anakufa Moyo

Kuna mtunzi mmoja wa hadithi za kwenye simu, jina kapuni, ambaye zamani mashabiki walikuwa wakimlilia usiku kucha awarushie sehemu inayofuata. Arosto ilikuwa si ya kitoto. Leo hadithi imevuka sehemu ya 90. Steringi ameshapata ajali mbili, amepoteza kumbukumbu, amezikwa na amerudi, na watu wanatoka kwenye grupu mmoja mmoja bila hata kuaga. Jamaa analalamika kwamba Watanzania hawapendi kusoma. Hapana bwana, wanasoma sana. Wamechoka kuchezewa tu.

Wala si yeye peke yake. Watunzi wengi wa aina hii lugha wanayo, utamu wa kusimulia wanao, na pale pa kukatia "Itaendelea" wanapajua vizuri. Tatizo lao ni wahusika wasiotaka kitu chochote. Chukua yule mama mkwe mkorofi anayejaa kwenye hadithi na filamu zetu. Muulize mtunzi kwa nini anamtesa mkamwana. Atajibu, "Ni mbaya tu." Yaani mama wa watu ni adui kwa sababu hadithi ilikuwa inatafuta adui!

Mpe sababu uone. Alifiwa na mume mapema, akauza vitumbua miaka yote hiyo kumsomesha mtoto wake wa pekee, na sasa anaogopa kuzeeka peke yake. Bado ni mkorofi, bado msomaji atamchukia, lakini atamwelewa. Na visa vitaanza kuja vyenyewe: atahesabu kila senti ya mwanawe, atajifanya mgonjwa siku ya kupeleka mahari, atamsifia binti mwingine mbele ya wageni. Mtunzi hahitaji tena gari la kumgonga mtu.

Euphrase Kezilahabi alilijua hili katika Rosa Mistika, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na bado inasomwa. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi anayemlinda binti yake kwa vitisho na kipigo. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, na anapokuwa mbali na macho ya baba, uhuru anaupata lakini hajui namna ya kuutumia. Anaharibikiwa, ndiyo, ila kila hatua yake mbaya msomaji anaweza kuifuata kinyumenyume mpaka nyumbani kwao. Ndiyo maana mwisho wake unauma.

Kuna jaribio dogo ambalo mtunzi yeyote anaweza kulifanya leo. Asimulie hadithi yake kwa dakika mbili, kisha asikilize neno analounganishia matukio. Kama kila mara ni "halafu", yaani halafu akagongwa, halafu akaokotwa na tajiri, halafu kumbe tajiri ni baba yake, basi hapo kuna orodha ya matukio tu. Kama ni "kwa hiyo", yaani alidanganya kuhusu mtoto, kwa hiyo akalazimika kuhama, kwa hiyo akakosa msiba wa mama yake, basi hapo kuna hadithi. Bahati mbaya inaruhusiwa kumuingiza mhusika matatani. Kumtoa ni kazi yake mwenyewe, tena kwa gharama.

Watetezi watasema mtunzi anauza kwa sehemu, na akimaliza haraka watoto watalala njaa. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kuchekwa. Lakini urefu haujawahi kuwa kosa. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazad alikatisha hadithi kila kulipokucha ili asiuawe, na akafika usiku elfu moja na moja. Huyo ndiye bibi wa "Itaendelea". Tofauti ni kwamba usiku haukupita bure: mfalme aliyekuwa akiwaua wake zake alilainika kidogo kidogo, mpaka akamwacha hai. Hadithi ndefu inabebeka kama kila sehemu inaacha kitu kimebadilika. Mtu amejua siri, amepoteza rafiki, au amefanya uamuzi asioweza kuurudisha. Sehemu ambayo ukiiruka hukosi kitu, hiyo ni bando la mtu limeibwa.

Kwa hiyo kabla ya kurusha sehemu ya kwanza, mtunzi ajue vitu vitatu tu: steringi wake anataka nini, nani anamzuia na kwa sababu gani, na mwisho atalipa nini. Njiani anaweza kubadilisha mengi. Lakini asipovijua hivyo, atafika sehemu ya 40 akiwa amepotea, na njia rahisi itakuwa ajali nyingine barabarani. Steringi atafufuka tena kama kawaida yake, ila shabiki aliyeondoka harudi.