Hii "haiwezekani" ya kidato cha nne imenichosha

Jamani, leo naandika kwa hasira. Juzi kijana wa jirani yangu hapa Kisauni kaniletea karatasi yake ya fizikia. Swali: mwanga mwekundu usiotoa elektroni kwenye metali, ukiongezwa ukali, utazitoa? Kajibu: "Ndiyo, ukali ukizidi sana." Kakatwa alama.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si mwanafizikia. Lakini nasema wazi: kijana ana haki.

Tuanze na anachofundishwa. Mwaka 1905 Einstein alieleza kuwa mwanga huja kwa vifurushi, yaani fotoni, na kila elektroni hutolewa na fotoni moja. Dhahabu inadai kama elektroni-volti 5.1 kabla ya kuachia elektroni. Fotoni nyekundu ina kama 1.9. Washa taa nyekundu elfu moja, hutapata kitu. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi ni hapa: mwaka 1931 Maria Göppert-Mayer alionyesha kwa hesabu kuwa fotoni mbili zaweza kumezwa kwa pamoja. Leza zilipokuja miaka ya 1960, jambo hilo likaonekana maabara.

Sasa njoo kivuko cha Likoni saa moja asubuhi. Watu wa nyuma wakisukuma, kila mmoja husogea hatua moja tu, lakini msukumo unafika mbele. Geti likiwa jembamba, nguvu yote hukusanyika pale. Elektroni za kwenye uso wa metali nazo huyumba pamoja zikipigwa na mwanga. Wimbi hilo ndilo plasmoni ya uso, aliyoitabiri Rufus Ritchie mwaka 1957. Kwenye ncha ya dhahabu ya nanomita chache, nguvu ya mwanga hukusanyika kama watu getini. Mulika hapo kwa mipigo mifupi ya leza ya nanomita 800. Fotoni moja ina 1.55 tu, lakini nne zikijumlishwa ni 6.2. Elektroni hiyo, nje! Na ukali ukiongezeka mara 2, elektroni huongezeka kama mara 16.

Kwa hiyo ukali una maana. Sisi waandika programu tunalijua kosa hili: umeweka sharti la ndiyo au hapana mahali panapotaka uwezekano. Programu inafaulu majaribio yote, halafu siku ikikutana na data mpya inakudanganya bila haya.

Najua mtaniambia mwalimu hana muda, silabasi ni ndefu, na Einstein hakukosea. Sawa, hakukosea. Mimi naomba maneno manne tu yaongezwe: "kwa mwanga wa kawaida".

Wala msiniambie hii ni sayansi ya mbali. Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria pale zahanati, mara nyingi ni chembe za dhahabu za makumi ya nanomita, na wekundu wake unatokana na plasmoni. Kijana kapimwa mara ngapi? Nani kamwambia?

Nimemshauri kwenye mtihani aandike wanachotaka, na kwenye daftari lake aandike ukweli. Nimeona aibu kumwambia hivyo. Mtoto aliyefikiria kuliko karatasi ya majibu hakustahili ushauri huo.