Origi Ana Deni Gani Kwetu?

Mtaani Muyeye, hapa Malindi, mchezaji anayelipwa mamilioni akikosa bao la wazi, hukumu haichelewi. Hutolewa papo hapo, ukumbini mwa video, na mtu aliyelipa shilingi chache mlangoni: "Anakula pesa za bure huyo!" Nakiri kwamba maneno hayo nimewahi kuyatamka mimi mwenyewe, juu ya Divock Origi.

Origi ni mwana wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars, ijapokuwa yeye alizaliwa Ubelgiji na akaichezea Ubelgiji. Tarehe 7 Mei 2019 alifunga mabao 2 Liverpool ilipoilaza Barcelona 4-0 uwanjani Anfield, na tarehe 1 Juni akafunga tena katika fainali dhidi ya Tottenham. Siku hizo alikuwa mtoto wetu. Mwaka 2022 alihamia AC Milan, timu inayofuatiliwa mno mjini humu, na Waitaliano waliolowea hapa na vijana wetu waliojifunza Kiitaliano ufuoni. Magazeti ya Italia yaliripoti mshahara wa kiasi cha euro milioni 4 kwa mwaka. Msimu wa kwanza alifunga mabao 2 tu ya ligi. Akaazimwa Nottingham Forest, asifunge hata moja la ligi. Mwaka 2024 Milan ikamwondoa katika kikosi cha kwanza, na mtoto wetu akageuka kuwa "yule Mbelgiji".

Yafaa tujiulize: twamdai nini? Mkataba wake wa Liverpool ulikuwa umekwisha, hivyo Milan haikutoa ada ya uhamisho, na aghalabu fedha zinazookolewa hapo huongezwa kwenye mshahara. Waliotia saini walikuwa watu wazima wenye mawakili. Walinunua usiku mmoja wa Anfield wakidhani utarudi kila Jumapili. Kosa la bei ni la mnunuzi.

Sisemi asikosolewe. Anayelipwa adaiwe jasho, afike mazoezini, akimbie. Lakini bao hutegemea pia goti lake, kocha wake na yule anayempa pasi, na hayo hayaonekani kutoka kwenye kiti cha ukumbini. Isitoshe, mwenye kelele kuliko wote aghalabu ana kamari iliyoungua simuni mwake, na miongoni mwao, kwa masikitiko, wamo wanafunzi.

Mwalimu anayesoma haya anaijua vyema hukumu hiyo. Matokeo ya KCSE yakitangazwa, mzazi hutazama alama, kisha huuliza mshahara ule ni wa kazi gani. Hakuulizi kama uliingia darasani wala kama ulisahihisha madaftari. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi, waliogoma mwezi Mei 2024 wakidai ajira ya kudumu, walikuwa wakilipwa takriban shilingi 20,000 kwa mwezi, nao hupimwa kwa mizani ile ile.

Majuzi mwanafunzi mmoja alinishikilia kwamba mchezaji asiyefunga arudishe pesa. Nikamwuliza kama mwalimu naye arudishe mshahara kwa kila D. Akacheka, akasema la, kwani anayefanya mtihani si mwalimu. Kisha akafikiri kidogo, akaongeza: "Lakini mwalimu, wewe hulipwi kama Origi."

Hilo sikuwa na jibu lake.