Kombi la Kulala Porini: Safari Sawa, Gari Hapana

Tangu mwaka huu wa masomo uanze kuna mpango unaozungumzwa sana kwenye vikao vyetu, hasa vile visivyo rasmi. Watu kadhaa wachange, wanunue gari kuukuu la fowili lenye kitanda na jiko ndani, walizungushe Scotland wakati wa likizo, halafu atakayemaliza shule kwanza alisafirishe nyumbani. Mimi safari naiunga mkono mia kwa mia. Gari silitaki.

Linalotajwa ni Volkswagen Syncro, lile Kombi lililotengenezwa Graz, Austria, na Steyr-Daimler-Puch mpaka 1992. Tusilidharau, ni gari la kazi. Injini iko nyuma, na magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, nguvu inahamia mbele yenyewe kupitia kifaa chenye visahani na mafuta mazito ya silikoni. Dereva hashuki kufunga chochote. Lakini sasa lina zaidi ya miaka 30, na hicho kifaa kikichoka si kitu utakachokikuta kwenye duka la spea pale Gerezani au Kirinyaga Road.

Na nyumbani penyewe litaingiaje? Kenya haipokei gari lililotumika likizidi miaka 8. Uganda tangu 2018 mwisho ni miaka 15. Tanzania litaingia, ila litatozwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, na hapo pesa ya boksi ya miezi kadhaa inayeyuka bandarini. Wazungu tunaowaona wanashuka na magari yao mpaka Cape Town wanapita kwa kibali cha muda cha forodha. Wao wanapita tu, wewe unarudi kukaa. Hesabu ni mbili tofauti.

Hata hapa Uingereza sio mteremko. Kijana akienda kutafuta bima anatajiwa bei ya kumkalisha chini. Leseni ya nyumbani inakubalika miezi 12 tu tangu uanze kuishi hapa. Halafu hiyo Scotland wanayosema unalala popote: sheria yao ya ardhi ya 2003 inampa haki mtu wa miguu na hema lake. Gari haimo. Ukiingiza Kombi kwenye shamba la mtu usiseme uliruhusiwa na sheria.

Lakini hoja yangu kubwa ni nyingine. Gari la porini likishageuzwa nyumba, uporini wake unapungua. Lita 60 za maji ni kilo 60. Ongeza mtungi wa gesi, makabati, friji, godoro, na wale watu wanne waliochanga. Springi zinalala, tumbo la gari linakaribia chini, kichwa kinakuwa kizito, na kwenye mteremko wa kando linaanza kukutisha. Ukikwama kwenye tope, hiyo nyumba yote ndiyo utakayoisukuma. Mwaka 1955 wanafunzi sita wa Oxford na Cambridge waliondoka London na Land Rover mbili za kawaida, wakafika Singapore Machi 1956. Magari hawakununua, waliandika barua za kuomba ufadhili mpaka wakapewa. Hapo ndipo pa kuiga, barua zile.

Kitu kinachoniuma kwenye mpango huu ni kwamba tunataka kupeleka Afrika gari la kutazamia Afrika, wakati mafundi wa Arusha wanakata Land Cruiser, wanarefusha chesisi, wanaweka paa la kuinuka, na wanalirudisha barabarani likiwa imara kwa njia za Serengeti. Kazi hiyo wameifanya miaka mingi, na aliyekaa kiti cha nyuma karibu siku zote ni mgeni. Sisi tunaijua mbuga kwa kalenda ya ukutani. Ngapi kati yetu wamefika Katavi? Au Loiyangalani, pale Turkana, ambako mawe ya volkano yanakula tairi?

Basi pesa ileile tuitumie kwa nauli. Kule tukodi gari la kawaida la fowili lenye hema juu ya keria, namba za nyumbani. Raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio cha shilingi kwenye hifadhi za Tanzania, kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni, na gari la namba za nje nalo hutozwa zaidi ya la namba za ndani. Yaani Kombi letu la Uingereza lingetufanya watalii kwetu! Likizo ya hapa inaangukia Julai na Agosti, kiangazi kule, udongo mweusi umekauka na wanyama wamesogea kwenye maji. Beba sepetu, kamba ya kuvutia, tairi mbili za spea, na mtu mmoja anayejua kupika.

Anayetaka kubishana nami aje kikao kijacho, ila aje na bei ya bima mkononi.