Kabla Hujanunua Picha Yenye Sahihi ya Nyota

Wazazi wenzangu, mpira hapa Tunduma ni ugonjwa wa nyumba nzima. Kwa hiyo akija mtu na mchoro wa kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Lagos kwenye fainali za Afrika za mwaka 1980, na chini yake pana sahihi ya mchezaji, mkono unakwenda mfukoni haraka. Tiketi ile ilipatikana Ndola, ng'ambo yetu tu, kwa bao la Peter Tino. Nani asingependa kumwachia mwanawe kumbukumbu hiyo?

Lakini uliza kwanza: nani anajua kweli aliyetia sahihi hiyo?

Tunao mfano nchini. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka michache tu, hadi alipouawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972. Michoro yake halisi si mingi, ila jina lake limeandikwa kwenye michoro ambayo hakuigusa. Ukithibitika ni wa mkono wake, mchoro unapata bei kubwa kwa wakusanyaji. Shaka ikiingia, unarudi kwenye bei ya pambo la ukutani. Rangi ni zile zile, mnyama ni yule yule. Kilichopungua ni uhakika.

Jezi na picha za michezo ziko hivyo hivyo. Shaka peke yake haithibitishi kwamba kitu ni feki, lakini mnunuzi wa kesho hatalipia asichoweza kukihakikisha. Cheti cha uhalisi nacho kisikutishe. Steshenari yoyote inaweza kukichapa. Muulize muuzaji alikipata kwa nani, lini, na kama ipo picha ya mchezaji akitia sahihi. Akibabaika, lipa bei ya pambo au muage kwa heri. Ada ya mtoto isiwekwe rehani kwa ahadi kwamba "kitapanda bei".

Na kama babu nyumbani ana jezi, medali au picha ya zamani, msisubiri. Mketini naye, mrekodi kwa simu akieleza ilivyomfikia, kisha andikeni majina na tarehe kwenye karatasi mtakayoitunza pamoja na kitu chenyewe. Msiandike juu yake. Akishaondoka mzee, wajukuu watabaki na jezi isiyo na shahidi.